Mboga Inayongoja Jalidi

Tarehe 24 Desemba jua la Bremen huchomoza saa mbili na nusu asubuhi, na siku nyingi halionekani kabisa. Ni mwanga wa kijivu tu unaopanda polepole juu ya mapaa ya vibanda. Saa hiyo mimi huwa nimeshafika kishambani na kisu na gunia. Maharage yaliungua tangu Oktoba kwa usiku mmoja wa baridi, na maboga yamebaki kamba nyeusi zilizolala udongoni. Kilichosimama ni mstari mmoja wa mboga, majani yamejikunja kama sufu ya kondoo, kila jani limepakwa chembe nyeupe za jalidi. Ukilibana mkononi linalia, kisha linavunjika. Ndiyo mboga ya sikukuu. Tangu kiangazi tunaingoja ifike katika hali hii.

Watu wa Bremen huiita Braunkohl, kabichi ya kahawia, ingawa ni ya kijani kilichokoza. Jirani zao wa Oldenburg, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni, huiita Grünkohl, kabichi ya kijani, na kila upande unaamini wenzao wamekosea jina. Mtu wa Nairobi au Arusha angeiona angesema ni sukumawiki iliyosokotwa nywele, na angekuwa amesema kweli: ni ukoo mmoja, kabichi zile zisizofunga kichwa.

Mimi ni mzaliwa wa Mlalo, Usambara. Nilikuja Bremen mwaka 1998 kwa kazi ya uuguzi, na muda mrefu wa maisha yangu hapa nimehudumia wazee. Mengi ya nitakayoyasimulia niliyasikia kwanza nikiwa nimeshika kijiko, nikimlisha mtu. Baadaye ndipo nikayatafuta vitabuni. Mzee akishasahau majina ya wanawe bado anaweza kukwambia alikula nini Krismasi ya mwaka 1946.

Kwanza niseme habari ya vishamba vyenyewe, maana bila hivyo mboga hii haieleweki. Pembeni mwa miji ya Ujerumani, kando ya reli na mifereji, utaona ardhi iliyokatwa vipande vidogo vyenye uzio, kibanda na miti ya matofaa. Mahali pengi huitwa bustani za Schreber, kwa jina la daktari wa Leipzig, Moritz Schreber. Yeye mwenyewe hakupanda hata mche mmoja katika bustani hizo. Alifariki mwaka 1861, na chama kilichochukua jina lake kilianzishwa mwaka 1864 ili watoto wa mjini wapate uwanja wa kuchezea. Vitalu vya watoto viliongezwa pembeni mwa uwanja, watoto wakachoka kupalilia, wazazi wakavichukua. Watu wa Bremen hawana haja na jina la daktari. Wao husema Parzelle tu, yaani kipande. Changu kina mita za mraba 320. Sheria ya mwaka 1983 inasema kipande kisizidi 400 na kibanda kisizidi 24, na mahakama zimeshikilia kwamba karibu theluthi moja ya ardhi ilimwe chakula. Ukipanda nyasi na maua matupu utaandikiwa barua. Wageni huichukia kanuni hii. Mimi naipenda, kwa sababu najua ilikotoka.

Ilitoka kwenye njaa. Mwaka 1916, katikati ya vita kuu ya kwanza, manowari za Uingereza zilikuwa zimeifungia Ujerumani bahari. Vuli ya mwaka huo ikawa ya mvua nyingi, ukungu ukaingia kwenye viazi, vikaozea ardhini. Serikali ikawagawia watu kilichokuwapo: tunguu kubwa la manjano, la jamii ya kabichi, ambalo wakulima walikuwa wakilishia ng'ombe na nguruwe. Kwa Kijerumani ni Steckrübe. Lilisagwa likatiwa kwenye mkate, likapikwa jamu, likakaushwa na kukaangwa kuwa kahawa. Wajerumani wameuita msimu ule wa 1916 na 1917 kwa jina la tunguu hilo mpaka leo. Raia mamia ya maelfu walikufa katika miaka ile ya vita kwa njaa na maradhi yanayofuatana nayo. Mwaka 1919, vita vilipokwisha, serikali mpya ilitoa amri ya kuwalinda wenye vishamba: kodi isipandishwe ovyo, mtu asifukuzwe hivi hivi. Watu walikuwa wameshaona kwamba mita mia tatu za udongo ndizo zinazomtenga mtoto na kaburi.

Nilimhudumia mama mmoja aliyekataa tunguu hilo katika supu, hata likiwa limekatwa vipande vidogo vya ukucha. Alizaliwa miaka mingi baada ya 1917. Aliyelikataa kwanza ni mama yake, na yeye alirithi kukataa huko kama wengine wanavyorithi kabati. Nikajifunza kumtolea vipande hivyo kabla sijamwekea bakuli.

Na yeye alikuwa na msimu wake wa njaa. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Agosti 1944 ndege za Uingereza ziliangusha mabomu upande wa magharibi wa Bremen, na mtaa wa Walle ukateketea pamoja na jirani zake. Waliosalimika walikimbilia mahali pekee palipokuwa na paa lisilo na mwenyewe wa kulidai: vibanda vya bustani. Kisheria hairuhusiwi kuishi humo. Lakini mwaka 1945 Bremen ilipata meya, Wilhelm Kaisen, ambaye alifahamu udongo. Alikuwa seneta wa ustawi wa jamii kabla ya Hitler; mwaka 1933 alipoondolewa madarakani alikwenda Borgfeld, ukingoni mwa mji, akaishi kwa kulima kipande chake miaka yote kumi na miwili. Aliporudi ofisini aliwaruhusu watu waliopoteza nyumba wajenge na kukaa katika vishamba vyao. Matofali ya kuokota, mbao za masanduku, milango ya nyumba zilizoanguka. Nyumba hizo mpaka leo huitwa nyumba za Kaisen. Baadaye mji ulipopata nafuu, sheria ikarudi, lakini wengi wa waliokuwamo waliachiwa wakae hadi mwisho wa uhai wao, kisha nyumba ibomolewe. Moja imehifadhiwa kule Walle kama makumbusho madogo. Nimekwenda mara tatu. Jikoni mna nafasi ya mtu mmoja kugeuka.

Yule mama aliyekataa tunguu aliishi katika nyumba ya namna hiyo akiwa na miaka kumi, watu sita, chumba kimoja na jiko moja la chuma. Majira ya baridi ya 1946 na 1947 yalikuwa makali kupita yote aliyoyajua. Mito iliganda, treni za makaa zilikwama, watu wakapanda juu ya mabehewa kuiba. Usiku wa mwaka mpya kardinali wa Köln, Josef Frings, alihubiri kwamba mwenye shida akikosa kabisa njia nyingine anaweza kuchukua kile ambacho uhai na afya yake vinahitaji. Waumini wakaligeuza jina lake kuwa kitenzi, wakasema wamekwenda "kufrings" makaa. Bremen, bandari ya Wamarekani wakati ule, ilibana tumbo kama miji mingine. Mama yake alikuwa amepanda Braunkohl kuizunguka nyumba yote mpaka chini ya dirisha. Aliniambia walikuwa wakifungua dirisha usiku, wanakata jani juu ya theluji bila kuvaa viatu, wanafunga. Mafuta hayakuwapo. Mboga ilichemshwa kwa maji na shayiri ya kuvunjavunja mpaka ikawa uji wa kijani. Krismasi ile mtu aliwaletea ngozi ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, kipande cha ukubwa wa kiganja. Walikipika ndani ya sufuria siku ya kwanza, wakakitoa, wakakihifadhi, wakakipika tena siku ya pili, na ya tatu. Miaka sabini baadaye alinionyesha kwa kidole, juu ya shuka, upana wa kile kipande.

Sasa nieleze mboga yenyewe, maana inastahili.

Mwaka wangu wa kwanza kishambani niliipanda Septemba, kama tungefanya Mlalo kwa kungoja mvua za vuli. Ilichipua vizuri, ikafika urefu wa kidole, ikasimama. Desemba ilikuwa ileile. Nilidhani ni baridi. Bibi mwenye kipande cha pili, ambaye ndiye aliyenifundisha karibu kila ninachokijua juu ya udongo wa huku, aliniambia si baridi, ni giza. Desemba mchana wa Bremen hauzidi masaa manane, na mmea hauwezi kujenga mwili kwa mwanga ule. Kwa hiyo mbegu huatikwa Mei, miche huhamishwa Juni kuelekea Julai, nafasi ya hatua moja kati ya mche na mche, na kufikia Oktoba mmea uwe umemaliza kukua. Kuanzia hapo haukui tena. Unasimama tu kama ghala lenye mlango wazi, nawe unachota jani kwa jani, ukianzia chini. Majira ya baridi hapa hayalimwi. Yanapitwa kwa kilichokwisha kusimama.

Na kusimama kwake kuna siri. Joto linaposhuka, jani bado linatengeneza sukari kwa mwanga ule mdogo, lakini matumizi yake ya sukari hupungua, hivyo sukari inalimbikizana ndani. Maji yenye sukari huganda kwa shida kuliko maji matupu, kwa hiyo utamu ule ndio koti la mmea. Nyuzi kumi chini ya sifuri haziuui. Ndiyo maana wazee hukukataza kuikata kabla ya jalidi la kwanza, na ndiyo maana kuitia kwenye friza haisaidii: jani lililokatwa limekufa, haliwezi tena kujitengenezea sukari. Ionje Septemba, ni chungu na ngumu. Ionje baada ya wiki tatu za baridi. Adui mkubwa wakati huo si theluji, ni njiwa pori, ambao kila kitu kingine kikifunikwa hushuka juu ya mstari wako na kuubakiza vijiti. Mimi huweka wavu tangu Novemba.

Ninapofikiria jina la sukumawiki, chakula cha kusukuma siku mpaka mshahara utoke, naona kwamba ndugu yake wa kaskazini alipewa kazi ileile kwa kipimo kikubwa zaidi. Pwani hii ya Bahari ya Kaskazini ina udongo wa mchanga na mboji chungu, upepo na mvua, ngano haikuupenda. Mboga hii iliupenda. Mkulima masikini aliyekuwa na mboga hii mlangoni, pipa la nyama ya chumvi na gunia la shayiri aliweza kuisukuma miezi mitano. Kuna aina yake ndefu inayofika urefu wa mtu mzima, wanaiita mnazi, mnazi wa Friesland Mashariki, na kweli ukitazama kwa mbali, shina tupu na kichwa cha majani juu, unaelewa. Zamani majani ya chini walipewa mifugo na ya juu yakaliwa na watu.

Chakula cha masikini kilipandaje mpaka kwenye meza za wakubwa? Bremen ina jibu lake, na ni la tarehe kamili. Mwaka 1545 manahodha na wafanyabiashara wa mji walianzisha mfuko wa kuwasaidia mabaharia waliodhoofika, na wajane wao. Mfuko huo uitwao Haus Seefahrt upo hadi leo, na kila mwaka, Ijumaa ya pili ya Februari, hufanya karamu ukumbini mwa manispaa: karamu ya kuwaaga manahodha, kwa kuwa barafu ya mto inakaribia kufunguka na meli ziondoke. Chakula ni cha ghala la meli la mwisho wa baridi: supu ya kuku, samaki mkavu na haradali, kisha Braunkohl na soseji, njugu za chestinati na viazi vya kukaanga. Chumvi na pilipili huwekwa mbele ya kila mtu ndani ya karatasi za dhahabu na fedha, na wageni hufuta uma na kisu kwa karatasi ya kukaushia wino kati ya chakula na chakula. Mgeni wa nje hualikwa mara moja tu maishani. Mwanamke wa kwanza kualikwa kama mgeni wa heshima alikuwa Angela Merkel, mwaka 2007. Kwa karne nyingi wanaume walikaa wakala mboga ambayo, nina hakika, mikono ya wanawake ndiyo iliyoichambua.

Kumbe na watu wa kawaida walijitengenezea karamu yao. Katika karne ya 19 watu wa mjini walianza kutoka kwa makundi wakati wa baridi kwenda vijijini kula mboga hii kwenye baa za mashambani. Hadi leo, Januari na Februari, utawakuta barabarani wakivuta kigari cha mbao chenye chupa, kila mmoja ana kiglasi kimefungwa uzi shingoni, wanarusha mpira njiani, na jioni aliyekula kuliko wote hutawazwa mfalme wa kabichi. Oldenburg tangu mwaka 1956 huupeleka ufalme huo makao makuu ya nchi, na taji huvaa wanasiasa. Nimekwenda mara moja na wenzangu wa kazini. Tulitembea kilomita nane kwenye ukungu, na mimi nilichokipenda ni kule kutembea: nchi tambarare, maji yaliyoganda kwenye mitaro, na moshi wa jikoni unaouona nusu saa kabla hujafika.

Hapa ndipo Mlalo inaponijia. Wamisionari wa Kijerumani walifika kwetu mwaka 1891, mahali pale wakapaita Hohenfriedeberg. Lushoto ilikuwa Wilhelmstal. Walipoona mlima una ubaridi na mvua, wao na walowezi waliowafuata walipanda mboga za kwao. Nilipozaliwa, kabichi, karoti na liki zilikuwa zimeshakuwa mali ya Wasambaa kwa vizazi. Lakini hatukuzila. Baba alipakia kabichi kwenye matenga, fuso likazichukua usiku kwenda Kariakoo, dalali akataja bei aliyoitaka. Nyumbani tulikula makande, na mnavu uliojiotea wenyewe kando ya mahindi. Kabichi nzuri ilikuwa ada ya shule. Kuila kungekuwa kama kutafuna daftari. Na baridi yetu ni ya Juni na Julai, ukungu tu na sweta, haina sikukuu ndani yake. Krismasi yetu inakuja na jua, na pilau.

Kwa hiyo nilikuja Bremen nikizijua mboga hizi majani na mizizi, bei na magonjwa, bila kujua ziliwahi kumwokoa mtu. Zilipopanda milima ya Usambara hakuna aliyezipandisha pamoja na habari zake. Jambo hili limenikalia moyoni kuliko mengine yote niliyojifunza huku.

Krismasi basi. Nyumba nyingi za Bremen mkesha wake hupika chepesi, saladi ya viazi na soseji, na bata bukini siku ya pili. Kaskazini zaidi, Schleswig-Holstein, mkesha huo una jina katika lahaja ya zamani, usiku wa tumbo kujaa, na huko mboga yetu hupikwa usiku uleule. Kwangu hupikwa tarehe 24 na kuliwa 25, kwa sababu inakuwa tamu ikipashwa. Gunia zima huwa sufuria moja. Kwanza naichambua, jani linavutwa kutoka kwenye uti, uti unatupwa. Naiosha maji matatu, kwa kuwa mchanga hujificha ndani ya mikunjo. Naichovya kwenye maji yanayochemka dakika mbili, naikamua, naikatakata. Kitunguu kinakaangwa kwenye mafuta ya bata bukini, mboga inaingia, mchuzi kidogo, moto mdogo, masaa mawili. Konzi ya shayiri ya kuvunjavunja huifanya ishikane. Mwishoni inawekwa Pinkel, soseji ya hapa, ambayo ndani yake ni nafaka, mafuta na vitunguu kuliko nyama: soseji ya watu waliotaka nyama kidogo ifike mbali.

Sufuria ya pili ni ya rafiki yangu wa Tanga na wanawe, ambao hawali nguruwe. Humo naweka nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi na soseji ya ng'ombe kutoka bucha la Waturuki, tangawizi, na tui. Tui liingie dakika kumi za mwisho, likitangulia linakatika. Kusema kweli sufuria hiyo ndiyo inayoisha kwanza, hata Bibi wa kipande cha pili, mwenye miaka 83, amehama huko bila maelezo.

Mwaka juzi niliacha mimea miwili bila kuikata. Aprili ikatoa shina, maua ya manjano, kisha maganda membamba ya mbegu. Mmea huu lazima uonje miezi ya baridi ndipo ukumbuke kutoa maua. Mbegu nilizikausha juu ya gazeti, nikatia katika bahasha, nikampelekea mama Mlalo nilipokwenda likizo, nikamweleza kwamba ni ile aina ya mnazi. Alizipanda nyuma ya jiko, si upande wa shamba la kuuza. Mwezi uliopita alinipigia simu. Ameifunga kwenye mti ili isianguke, maana imempita urefu, na anachuma majani kila wiki. Anataka kujua itatoa maua lini, jirani wanaomba mbegu.